Tumbo Linawaka Moto: Je, Kweli Ni Asidi?

Hebu fungua droo yako ya ofisini uhesabu vidonge vya tumbo. Kiungulia, gesi, moto chini ya chembe ya moyo: sote jibu letu ni moja, "Nina asidi nyingi." Umewahi kupima?

Mambo haya si ya mjini tu. Nilipokwenda ukweni Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nilimkuta wifi yangu anapika sufuria mbili: moja ya familia, nyingine ya mumewe asiyetaka tena pilipili, maharage wala ugali wa muhogo.

"Wifi, mie nimechoka," aliniambia. "Nikipika hiki kosa, kile kosa. Na sasa anaficha kuwa choo chake kimekuwa cheusi."

Mume ni mvuvi. Kila asubuhi humeza omeprazoli. Kila usiku, tumbo tupu, humeza diklofenaki ya mgongo unaouma kwa kuvuta nyavu. Kupima, hajawahi. Kesho yake walipanda pikipiki kwenda hospitali.

Jamani, asidi tumboni ni ya kawaida. Mara nyingi kinacholeta vidonda si wingi wake, bali ukuta wa tumbo uliodhoofika. Wadhoofishaji wakubwa ni wawili: dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao mwenyewe ili kuthibitisha, akaugua tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel.

Asidi ya kupindukia ipo, ila ni adimu. Madaktari Zollinger na Ellison wa Marekani waliielezea mwaka 1955: uvimbe kwenye kongosho au utumbo mwembamba humwaga homoni ya gastrini, na tumbo hufurika asidi. Dalili zake ni vidonda visivyopona na kuhara kusikoisha.

Kuna mtego pia. Ukimeza omeprazoli kwa miezi mingi kisha ukaacha ghafla, asidi hupanda kwa muda. Unadhani ugonjwa umerudi, unameza tena!

Ufanye nini basi?

• Pima kinyesi au pumzi. Omeprazoli huharibu majibu, kwa hiyo muulize daktari kama usimame nayo wiki 2 kabla.

• Ukikutwa na bakteria, maliza dozi yote, kwa kawaida siku 14, hata kama nafuu imekuja mapema.

• Mtajie daktari kila dawa unayotumia, hata ya mgongo.

• Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kukonda bila sababu: usisubiri, nenda hospitali. Na mwambie mwenzi wako.

Nawe unayepika, usijilaumu. Pilipili yaweza kuchochea moto, lakini mara nyingi siyo iliyouwasha. Badala ya kugombana mezani, mshike mkono mwenzio mwende mkapime.