Sanamu ya Ngoma: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujenga

Sanamu ya hadharani ni umbo linalosimamishwa mahali pa wazi, kama vile njia panda au uwanja wa mikutano, ili kila apitaye alione. Ala za muziki hupendwa kuwa kielelezo chake, kwa kuwa hutambulika upesi na hubeba historia ya watu.

Uteuzi wa ala wahitaji umakini. Mwaka 1967 jiji la Helsinki, Finland, lilizindua mnara wa kumkumbuka mtunzi wa muziki Jean Sibelius, kazi ya mchongaji Eila Hiltunen, wenye mabomba ya chuma zaidi ya 600. Wakosoaji walisema mabomba hayo yafanana na ya kinanda cha kanisani, ala ambayo Sibelius aliitungia kazi chache. Hatimaye sura ya mtunzi iliongezwa kando yake.

Kwa Ngara, ala yenye mizizi ni ngoma. Kihangaza ni ndugu wa Kirundi, na ng'ambo ya mpaka ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014. Ngoma hiyo huchongwa katika gogo moja la mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, yaani mti unaoisemesha ngoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi. Sanamu isiyoonyesha vigingi itadhaniwa pipa.

Nje, mti na ngozi huharibiwa na mvua na mchwa. Hivyo sanamu hujengwa kwa zege lenye nondo au kwa chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu. Nyufa zisipozibwa, maji huzifikia nondo, kutu huvimba na zege hupasuka. Kikundi chenye fedha za ujenzi pekee, bila za matunzo, hakijawa tayari.

Wazo hupitia mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Eneo likiwa ndani ya hifadhi ya barabara, kibali huombwa TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au TARURA kwa barabara za wilaya. Wachonga ngoma na wazee washirikishwe kabla ya mchoro kukamilika.

Hata hivyo, sanamu hailii. Inafaa kila ombi la sanamu liambatane na mpango wa kupanda miti ya kuchongea ngoma na kuwafundisha vijana ufundi huo. Vinginevyo, zege litabaki njia panda, na sauti yenyewe itakuwa imetoweka.