Kisu tulichovuka nacho mpaka

Ndugu wanamemba, kila mara tunapowaambia muchome kisu kabla ya kupita kwa mgomba mwingine, wengine wenu wanacheka: hawa maagronomu wanapenda kutuchelewesha. Leo tuwaeleze wapi sisi wenyewe tulijifunza hilo.

Tulikuwa wanafunzi wawili wa agronomia, watu wa upande wa Beni, na hatukuwa tumetoka inchi hata siku moja. Tulitumwa Uganda kuchunguza mnyauko wa migomba, ule unaoletwa na bakteria. Uganda waliuona mwaka 2001, na kwetu Kivu ya Kaskazini ulionekana Masisi miaka hiyohiyo. Tulivuka kwa Kasindi, tukapanda basi, tukaingia Kampala usiku.

Siku ya kwanza ilianza vibaya. Saa zetu zilikuwa bado za Beni, kumbe Uganda wako saa moja mbele. Kule magari yanashika upande wa kushoto. Sisi tulivuka barabara tukiangalia upande wetu wa zamani, pikipiki ikatokea kuume, kidogo itugonge. Tulipofika kwenye kituo cha utafiti, wengine walishaingia shambani. Alibaki mzee mmoja, fundi wa shamba. Kifaransa chetu hakikufaa kitu. Kiswahili ndicho kilituokoa.

Mzee hakutugombeza. Alituambia tukanyage kwanza ndani ya beseni la dawa. Kisha akauliza:

"Vijana wangu, ndani ya mifuko muko na nini?"

Mmoja wetu akatoa kisu kidogo.

"Mara ya mwisho kilikata mgomba wapi?"

"Nyumbani, mzee. Kwa shamba la baba."

"Na ile migomba inaendelea namna gani?"

Tukanyamaza. Lile shamba lilikuwa limekauka karibu lote. Na kisu kilekile ndicho tulikuwa tunapitisha mgomba kwa mgomba kila likizo, tukikata majani, tukifikiri tunasaidia.

Mzee akakiweka ndani ya moto wa makaa. "Nyuki na ndege pia wanabeba ugonjwa," akasema, "lakini hao hatuwezi kuwafunga. Kisu tunaweza."

Jioni walitupikia matoke. Hatukula mengi.

Tuliporudi nyumbani, tulimwambia baba ukweli. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Basi tunaanzia wapi?" Tulianzia hapa, na ninyi muanzie hapa:

- Mgomba ukinyauka majani, ndizi zikaiva mbele ya wakati na ndani ziko na rangi ya kahawia, kata shina hilo karibu na udongo. Mashina mengine ya hapo yaache, lakini yachunguze kila juma.
- Vichane vyote vikishatoka, vunja lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Tumia fimbo yenye panda, si kisu.
- Choma kisu, panga na jembe motoni, ao vioshe na javeli, kila unapotoka kwa mgomba mmoja kwenda kwa mwingine.
- Usichukue miche kwa shamba lenye ugonjwa, hata kama ni la ndugu yako.
- Mbuzi wasiingie ndani ya migomba.

Na ukienda kumsaidia jirani, acha panga lako nyumbani. Tumia lake, likishapita motoni.