Kreta kwa Rangi 256

Simu ya kawaida ya leo, ikipiga picha Kreta ya Ngorongoro kutoka ukingoni, ina rangi zaidi ya milioni 16 za kuchagua. Kompyuta za IBM PS/2 zilizotoka Aprili 1987 zingeionyesha picha hiyohiyo kwa rangi 256 tu, na wakati huo hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Sababu ilikuwa bei ya kumbukumbu. Picha yenye nukta 320 kwa 200 ina nukta 64,000, na kuiandikia kila nukta rangi yake kamili kungekula nafasi kubwa mno. Basi kila nukta ikapewa namba moja tu, kuanzia 0 hadi 255. Namba hiyo si rangi. Ni mstari katika jedwali lililohifadhiwa ndani ya chipu ya pekee, na kila mstari unataja vipimo vitatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani. Kila kipimo kina ngazi 64, hivyo michanganyiko inayowezekana ni 262,144. Chipu husoma namba, huchukua mstari wake, kisha hugeuza vipimo vile kuwa umeme usiozidi volti 0.7 unaopelekwa kwenye kioo, mara mamilioni kila sekunde. IBM walitumia IMS G171 ya kampuni ya Inmos ya Bristol, Uingereza, iliyokusanya jedwali na vigeuzi vyote vitatu mahali pamoja.

Uzuri wake ni kwamba jedwali hujazwa upya kwa kila picha. Picha ya kreta ya mwezi Mei, masika yakiishia, itadai mistari mingi ya kijani. Ile ya Septemba, nyasi zikiwa zimekauka, itataka manjano na kahawia.

Lakini nani apewe mstari? Njia rahisi ni kuhesabu nukta na kuzipendelea rangi zilizo nyingi. Hapo heroe wa Ziwa Magadi, lililo kwenye sakafu ya kreta, wameumia: kwa mbali waridi lao ni nukta chache, nazo zitapakwa rangi iliyo jirani, pengine kijivu cha magadi. Mwaka 1982 Paul Heckbert alieleza njia nyingine: kuziweka rangi zote kwenye sanduku moja la vipimo, kulikata pale nusu ya nukta zinapobaki kila upande, na kuendelea kukata hadi vipatikane visanduku 256. Heroe hawahakikishiwi nafasi hata hapo, ila matumaini yao yanaongezeka.

Ukungu wa asubuhi ndio mtihani hasa. Kijivu halisi hutaka vipimo vitatu vilingane, na ngazi zikiwa 64, vijivu navyo ni 64, hata jedwali zima likitolewa kwa ukungu peke yake. Ukungu huo utaonekana una michirizi, isipokuwa programu ichanganye nukta za vijivu viwili jirani ili kulihadaa jicho.

Baadaye kumbukumbu ilishuka bei, kila nukta ikabeba rangi yake, na chipu ile ikamezwa ndani ya chipu kubwa ya michoro. Jedwali lenyewe halikufa. Ramani ya WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyochorwa kwa picha za setilaiti za mwaka 2020, hukipa kila kipande cha ardhi cha mita 10 kwa 10 namba tu: 10 ni miti, 30 nyasi, 40 mashamba, 80 maji. Mpaka wa mashamba ya Karatu na msitu wa hifadhi jirani ya Ngorongoro, unaoonekana wazi hata kutoka angani, humo ni mahali ambapo 40 zinakoma na 10 zinaanza. Jedwali la ramani hiyo limeyapa mashamba rangi ya waridi-zambarau, chaguo la ajabu kwa udongo mwekundu kama wa Karatu. Asiyeipenda hubadilisha mstari mmoja tu, na mashamba yote yakageuka kahawia bila namba hata moja kuguswa.