Jua, Vitamini D na Saratani

Hapa Kalangalala twaulizwa mara nyingi kama ni kweli ya kuwa vidonge vya vitamini D huzuia saratani. Swali hili ni zito, kwa maana aliyeuguliwa huwa radhi kutoa hata akiba ya mwisho aliyoichuma machimboni.

Vitamini hiyo mwili huifanya wenyewe ngozi ipigwapo na jua, kisha ini na figo huikamilisha. Kazi yake mojawapo ni kuwatuliza askari wa mwili. Mtu akijikata kwa sururu, jeraha huvimba na kuwa la moto: hao ndio askari wanaopigana, na ni jambo jema. Lakini vita hivyo vikiendelea miaka mingi huziharibu chembe za mwili, na chembe iliyoharibika yaweza kuwa mwanzo wa saratani. Katika maabara wataalamu wameona vitamini D ikiupoza moto huo, na kuzichelewesha chembe za saratani zisizidi upesi.

Basi walijaribu kwa watu. Huko Marekani watu 25,871 waligawanywa, nusu wakapewa vitamini D, nusu vidonge vitupu, kwa miaka mitano na kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: waliopata saratani ni 793 upande wa kwanza, na 824 upande wa pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haitegemeki. Tena washindao juani aghalabu hawapungukiwi. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walipimwa damu, na habari zao zikachapishwa mwaka 2012: walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiasi cha kutosha kabisa. Wa kuangaliwa ni mchimbaji ashukaye shimoni alfajiri na kutoka jua limekwisha kuchwa.

Liko jambo lituhuzunishalo zaidi. Tumewaona wazazi wakiwaanika juani watoto wenye ualbino, ati ngozi ipate nguvu. La, hasha! Watoto hao hawana rangi ya kuwakinga. Kwao jua lenyewe ndilo liletalo saratani ya ngozi, na vitamini D ngozi yao huifanya upesi hata kwa mwanga kidogo. Wavikeni kofia pana na nguo za mikono mirefu, mkawapake mafuta ya kukinga jua. Kidonda kisichopona, hasa usoni, masikioni au mdomoni, kisingojewe hata mwezi mmoja. Kionyeshwe kwa mganga wa hospitali, naye akiona lazima atawapeleka Bugando, Mwanza, ambako saratani hutibiwa.