Chakula cha Aliyeungua Moto: Protini ya Kutosha kwa Gharama Ndogo

Mtu aliyeungua vibaya huhitaji chakula kingi kuliko kawaida hata baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Jeraha kubwa la moto huufanya mwili utumie nguvu nyingi mno, wakati mwingine karibu mara mbili ya kawaida, na hali hiyo inaweza kudumu kwa miezi mingi. Protini nayo huvuja kupitia kidonda. Chakula kisipotosha, mwili huanza kula misuli yake wenyewe: mgonjwa hukonda, kidonda huchelewa kupona, na ngozi iliyopandikizwa huenda isishike.

Soda na supu havitoshi

Jamaa wengi humletea mgonjwa soda na glukosi, au humpikia supu ya mifupa. Vinywaji vitamu huongeza nguvu lakini havina protini. Supu nayo ina protini kidogo. Nyingi hubaki kwenye nyama. Pesa hizo zitafaa zaidi zikinunua mayai, maharagwe au omena.

Kiasi kinachohitajika

Mtu mzima aliyeungua vibaya huhitaji takriban gramu 1.5 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 90 hadi 120. Kiasi hicho hupatikana hata bila nyama. Kwa mfano, kwa siku moja:

- Mayai 3: takriban gramu 18
- Vikombe 2 vya maharagwe yaliyopikwa: gramu 30
- Nusu lita ya maziwa au mala: gramu 16
- Gramu 50 za njugu karanga: gramu 12
- Gramu 30 za omena wakavu: gramu 15 au zaidi

Ugali, chapati na mboga huongeza kiasi kinachobaki, pamoja na nguvu.

Akikosa hamu ya kula

Mpe chakula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Uji wa wimbi upikwe kwa maziwa, kisha utiwe njugu zilizosagwa na kijiko cha mafuta. Omena wanaweza kusagwa na kuchanganywa na mboga. Sukuma wiki, papai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa humpa vitamini A. Mapera na machungwa humpa vitamini C. Chai inywewe saa moja kabla au baada ya chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Wakati wa kumwona mhudumu wa afya

Watoto wana vipimo vyao, na anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa afisa wa lishe. Mgonjwa apimwe uzani kila wiki. Akiendelea kukonda, akipata homa, au kidonda kikitoa harufu mbaya, apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.