Marufuku ya "kufunga na kufungua": maana yake ni nini?

Marufuku ya kufunga na kufungua ni ile inayowekwa, ikaondolewa, kisha ikarudi tena. Kwa wasikilizaji wetu wa Vihingo na vijiji vingine vya Kibaha na Kisarawe, mfano wa karibu ni mkaa.

Tuanze na lugha. Shina ni moja, "fung". Ukiongeza "u", tendo linageuka: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Walimu huiita kauli ya kutendua. Kiswahili hakina vivumishi halisi vingi, hivyo tunatumia "ya" na kuunganisha vitenzi viwili, kama tunavyosema vita vya kufa na kupona.

Sasa tuangalie matukio. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa nchini. Baada ya wiki mbili hivi marufuku ikaondolewa, maana familia nyingi za mijini zilipikia mkaa. Huko ni kufunga na kufungua bila watu kujua tarehe mapema.

Kuna kufunga kwa aina nyingine. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mvuvi alijua siku ya kurudi majini, akaweza kujipanga. Hilo tunaliita zuio la msimu.

Tahadhari: kufunguliwa si ruhusa ya kila kitu. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mkaa unahitaji kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha. Misitu ya hifadhi kama Ruvu Kusini na Kazimzumbwi ina ulinzi wake, hata pale biashara ya mkaa inaporuhusiwa. Anayedhani "wamefungua" kisha akapakia magunia bila karatasi anaweza kupoteza mzigo wote kwenye geti la maliasili.

Kwa hiyo ukisikia tangazo, uliza maswali manne. Nani ametangaza? Limezuiwa lipi: kuchoma, kusafirisha au kuuza? Linaanza lini? Linaisha lini? Kama la mwisho halina jibu, nenda ofisi ya kijiji au kwa ofisa misitu wa wilaya kabla hujawasha tanuri.