Je, Wajua? Mboji Mbichi Haifai Bustanini

Katika jani la mkonge, kama lile la mashamba ya Kimamba wilayani Kilosa, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito. Mabaki yake huweza kuozeshwa yakawa mboji, sawa na mabua ya mahindi, pumba za mpunga na maganda ya ndizi ya jikoni kwako.

Lundo la mboji lililopangwa vizuri hufikia joto la sentigredi 55 hadi 65 katikati. Joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Chomeka fimbo, ichomoe baada ya dakika chache: ikiwa ya moto, lundo bado linaiva.

Mboji mbichi hudumaza mboga, kwa kuwa vijidudu vinavyoendelea kuozesha hugombea naitrojeni na mizizi. Iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi na hunukia kama udongo wa msituni.

Masika yakikaribia, weka viganja viwili vya mboji iliyoiva kila shimo, changanya na udongo, kisha panda. Na mabua usiyatie moto: anayechoma mabua anachoma mbolea yake.